Fani na Maudhui Katika Gereji ya Chaka

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwalimu mmoja kijana, afundishaye Kiswahili katika shule ya upili karibu na Chaka, alikuwa ameieleza methali hiyo darasani mara nyingi, akiitolea mifano ya wanafiki na ya wachumba wenye sura bila tabia. Hakudhani hata siku moja kwamba ingemrudia akiwa amechuchumaa kando ya gari lake mwenyewe.

Chaka ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, baada ya kupita Kiganjo. Kunapokucha bila mawingu, Mlima Kenya huonekana upande wa mashariki, na safu ya Nyandarua upande wa magharibi. Mji huu una soko lenye pilikapilika, una stesheni ya reli ya Nanyuki iliyofufuliwa mwaka 2020, na kando ya barabara zimo gereji ambazo sakafu yake ni udongo uliolowa oili. Katika mojawapo ya gereji hizo ndimo mwalimu alimolipeleka gari lake Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali. Lilikuwa Subaru Impreza kuukuu, la rangi ya kijivu, lenye injini isiyo na turbo. Mfukoni alikuwa na akiba ya miaka miwili.

Alichokitaka kilikuwa kimechorwa kwenye karatasi: rangi ya samawati iliyokolea, rimu za rangi ya dhahabu, tundu kubwa la hewa juu ya boneti, bampa ya mbele iliyoshuka karibu kugusa lami, bawa refu juu ya buti, na nambari 555 ubavuni kwa rangi ya manjano. Kwa ufupi, alitaka gari lake lifanane na lile ambalo Colin McRae aliliendesha aliposhinda Safari Rally mwaka 1997.

Aliandamana na baba yake, mkulima wa viazi. Kwa kuwa kijana ni kifungua mimba na alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu, mzee humwita "Baba", naye kijana humwita mzee "Baba". Fundi asiyewazoea huchukua muda kabla ya kung'amua ni nani anayemjibu nani.

Mzee hakuwa mgeni wa mashindano ya magari. Safari Rally ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka. Katika ujana wake, magari yalipouzunguka Mlima Kenya, yeye na wenzake walikesha kando ya barabara wakingoja vumbi. Alijua kwamba Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na kwamba Shekhar Mehta alishinda mara tano. Na mwaka 1994, Patrick Njiru alipomaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza, mzee alitembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni ndugu yake.

Ndiyo maana aliitazama karatasi ile kwa makini kabla ya kufungua kinywa.

"Baba, tundu hili la boneti litaupeleka wapi upepo?"

Fundi ndiye aliyejibu. Alieleza kwamba katika Impreza yenye turbo, tundu hilo huelekeza upepo kwenye kifaa kilicho juu ya injini, ambacho hupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Gari hili halina turbo wala kifaa hicho. Tundu lingekuwa la plastiki, la kubandikwa juu ya bati lisilotobolewa.

"Basi ni pua isiyopumua," mzee akasema.

Akaendelea taratibu, bila kukaripia. Magari ya Safari yalifungwa vyuma vya kukinga mbele kwa sababu ng'ombe na swara walikatiza njia. Yaliwekewa taa za ziada juu ya mabawa ya mbele ili yaonekane mapema, maana mashindano yalipita katika barabara ambazo hazikufungwa, zenye watu, mifugo na matatu. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi juu ili injini isimeze maji ya mto. Tena yaliinuliwa, wala hayakushushwa. "Kila kitu kilikuwa na kazi yake. Uzuri tuliuona sisi tuliokuwa tukitazama."

Kuhusu bawa, fundi alikiri kwamba kazi yake ni kuugeuza upepo uwe uzito wa kuyakandamiza magurudumu ya nyuma. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha sheria mijini, bawa hukandamiza kwa sehemu moja tu ya tisa ya lile linalokwenda kilomita 150. Bampa nayo ingevunjika kwenye tuta la kwanza. Na ile nambari 555 ilikuwa tangazo la sigara. Je, mwalimu angeingia nalo shuleni?

Kijana alikasirika, na hasira yake haikuwa bila hoja. "Baba, je, binadamu haruhusiwi kupenda kitu kwa sababu ni kizuri? Hata kibuyu cha gicandi kilichorwa."

Mzee alinyamaza kidogo. Gicandi ni kibuyu cha manju wa Kigikuyu, kinachotikiswa wakati wa kughani. "Kilichorwa, ndiyo," alisema hatimaye. "Lakini michoro yake ilisomwa. Kila alama ilikuwa na ubeti wake. Asiyejua beti hakupewa kibuyu."

Mwalimu akakumbuka ule mjadala wa zamani wa ukumbi wa mihadhara: je, fani na maudhui ni kama kikombe na chai, vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa, au ni pande mbili za sarafu moja? Siku hizo aliitetea sarafu kwa ufasaha mwingi. Sasa alikuwa tayari kununua kikombe kitupu.

Huenda angeshikilia msimamo wake vivyo hivyo, lau fundi hangelipandisha gari kwenye jeki ili apime magurudumu. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimelika hadi karibu na chuma. Tairi mbili zilikuwa zimekwisha upande wa ndani, mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki. Breki nazo hutii hesabu ile ile ya mraba: gari liendalo kilomita 100 lina nguvu ya mwendo mara nne ya liendalo 50, na nguvu yote hiyo sharti imezwe na vipande vile vyembamba.

Kila mwezi kijana humpeleka mama yake kliniki mjini Nyeri. Mzee aliziangalia pedi zile kwa muda mrefu.

"Mama yako hukaa kiti cha mbele," alisema. Hakuongeza neno.

Akiba ilinunua pedi, tairi nne na shokamzoba za mbele. Kilichobaki kilitosha rangi, na mzee mwenyewe ndiye aliyesisitiza ipakwe ile ya samawati, mradi mabadiliko yaandikishwe kama sheria inavyotaka. Fundi alizipulizia rimu za zamani rangi ya dhahabu kwa bei nafuu. Bawa, bampa, tundu na 555 zilibaki kwenye karatasi.

Gari lilipotoka gerejini, mzee alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti, kisha akaomba wapande hadi Nanyuki na kurudi. Walipofika kwenye tuta la kwanza, gari lilipunguza mwendo kimya, bila ule mlio wa chuma kusaga chuma ambao kijana alikuwa ameuzoea hata akaacha kuusikia.

"Baba," mzee alisema akitazama mbele, "hili sasa linafanana na la Njiru."