Dumu Nililolipasua

Nilimwita kijana wa watu mwizi, na hakuwa mwizi. Nilimwita hivyo uani kwangu hapa Gulwe, majirani wakisikia. Kwa kuwa nilimsema hadharani, na maungamo yangu nayatoa hadharani.

Nina ng'ombe watatu wa maziwa wenye damu ya Mpwapwa, ile mbegu iliyotokana na kituo cha utafiti wa mifugo cha wilayani kwetu Mpwapwa kwa kuchanganya zebu wa kienyeji na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi. Wanalivumilia jua la Ugogo na bado wanatoa maziwa. Kijana alikuwa akikamua saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilikuwa nachuja, namimina kwenye dumu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula, nampa bodaboda apeleke Mpwapwa mjini. Kabla ya safari alikuwa akimpimia mama mmoja anayeuza chai karibu na stesheni.

Joto la Septemba lilipoanza kupanda, mama wa chai akanipigia simu. "Baba, maziwa yamekatika." Ya kesho yake nayo yakakatika. Ndani ya dumu yalionekana mazima. Akiyabandika jikoni yanajitenga, maji huku, mabonge kule, na wateja wameshakaa kwenye benchi. Siku ya tano akaniambia kwa upole kwamba atanunua kwingine.

Nikamgeukia kijana. Kiangazi huku kwetu maji ni fedha. Watu wanafukua mchanga wa Mto Kinyasungwe na kungoja yajichuje kidogo kidogo. Nikajiaminisha kwamba anakunywa maziwa yangu, kisha anajazia maji ya mtoni. Nikaazima laktomita, kipimo cha maziwa. Ikasoma 29. Maziwa yasiyotiwa maji kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32, na hilo nililijua siku ile kama ninavyolijua leo. Kipimo kilimwondolea tuhuma palepale, kikiwa mkononi mwangu, lakini sikukubali. Nikasema atakuwa ametia unga ili akidanganye kipimo. Nikamfukuza, na mshahara wake wa miezi miwili nikauzuia. Katika yote ninayoungama hapa, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaanza kukamua mwenyewe. Wiki nzima maziwa yakaendelea kukatika.

Afisa mifugo alipokuja kuchanja ndama nikamweleza. Hakuuliza nani anakamua. Aliuliza, "Mzee, dumu unaliosha vipi?" Nikamjibu bila wasiwasi: kopo moja la maji ya moto, mchanga safi wa mto, nafunga kifuniko, natikisa sana, namwaga. Akanusa mdomo wa dumu, akaniomba kisu.

Tulilipasua chini ya mkuyu. Ukutani kwa ndani kulikuwa na utando wa njano, mgumu kama ukoko wa uji. Ukiuparua kwa ukucha unatoka magamba, na chini yake plastiki ilikuwa imejaa mikwaruzo isiyohesabika. Mikwaruzo ile ni ya mchanga wangu. Kisha akapasua mpini. Mpini wa dumu una uwazi ndani. Maziwa huingia, lakini brashi haifiki wala mkono haupiti. Mle tulikuta mgando wa kijivu, mlaini, wenye harufu ambayo mke wangu aliisikia akiwa jikoni. Kila alfajiri nilikuwa namimina maziwa ya moto wa kiwele juu ya kitu kile.

Alinieleza na nimeelewa. Maji ya moto yakitangulia, protini ya maziwa inaiva na kung'ang'ania chombo, kama yai linavyoshika kikaangio kisicho na mafuta. Juu ya utando huo vijidudu hujenga makazi. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto karibu nyuzi 37, navyo vijidudu hulipenda joto hilo. Tukihesabu polepole, kwamba kila kimoja kinakuwa viwili kwa nusu saa, basi kilichoingia alfajiri kinakuwa 4,096 ifikapo saa tano asubuhi. Vinakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo huionji bado, lakini maziwa yakipata moto yanakatika. Kuchemsha huua vijidudu. Asidi iliyokwisha kutengenezwa haiondoki.

Nakumbuka kibuyu cha marehemu mama. Alikisuuza mara tu kilipomwagwa, akakifukiza moshi, akakianika. Hakuwahi kukilaza na maziwa ndani. Mimi, mwenye simu na laktomita, nilikuwa naliacha dumu hadi jioni.

Na kuna jambo ambalo nimechelewa kulisema. Kijana aliwahi kuniomba sabuni na maji zaidi ya kuoshea vyombo. Aliomba mara mbili. Nilimwambia maji ya kuchezea hayapo.

Sasa natumia keni ya alumini yenye mdomo mpana, mkono wangu unafika chini kabisa. Mara tu maziwa yakitoka nasuuza kwa maji ya baridi. Halafu maji ya moto na sabuni, kwa brashi, hadi kwenye mikunjo ya kifuniko. Nasuuza tena, namalizia na maji yanayochemka, nageuza keni juu ya kichanja juani. Kitambaa cha kuchujia, kipande cha kanga ambacho zamani nilikitundika kikiwa kibichi kwenye msumari, kinachemshwa kila siku na kuanikwa. Nimepima maji yote: ndoo moja kwa siku. Yale ya kusuuzia mara ya kwanza wanakunywa ndama. Ndoo hiyo niliyoibania imenigharimu wateja, na imemgharimu kijana jina lake.

Nilimfuata kwao, ng'ambo ya mto. Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji na wale majirani tuongozane. Kijana alinisalimia kwa heshima, kama siku zote, na hilo lilinielemea kuliko kama angenitukana. Nikasema mbele ya mama yake kwamba hakuiba, hakutia maji, na kwamba uchafu ulikuwa wangu. Nikampa mshahara wa miezi miwili pamoja na wa siku zote alizokaa bila kazi. Alihesabu, akamkabidhi mama yake. Nilimwomba arudi kazini. Akasema, "Hapana, baba," na sikumbishia.

Dumu lililopasuliwa nimelitundika bandani, mpini wake ukiwa wazi. Anayetaka kuliona na aje. Na wewe unayeuza maziwa kwa dumu kama lile, kama yamekatika, nakuomba: chukua kisu ulipasue kabla hujamsema mtu.