Msitu wa Karura, Mlangoni pa Nairobi

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Nairobi: maghorofa yake marefu, motokari zake zisizo na hesabu, watu wake wenye haraka. Habari za msitu wake hazifiki mbali. Nasi tuliposhika barabara ya Limuru kutoka katikati ya mji kuelekea kaskazini, tulidhani tungetembea sana kabla ya kuuona. Kumbe mji haujaisha bado, na tazama, miti imefungamana kando ya njia! Ndio Karura. Ukubwa wake ni hekta 1,041, na mji umeuzunguka: Muthaiga upande huu, Gigiri na Runda upande ule, na barabara ya Kiambu mashariki.

Mgeni hulipa kiingilio mlangoni, kisha hufuata vijia vya udongo mwekundu. Baada ya hatua mia moja tu hewa inageuka, joto la lami linasahaulika, na ngurumo ya magari inakuwa kama sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili. Mwenye macho ataona upesi kwamba miti hii si ya jamaa moja. Iko miti ya asili ya nchi ile: mihuhu, mizeituni ya mwitu, na ule ambao Wakikuyu huuita mukinduri. Lakini sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi, mti wa kigeni wenye kiu kubwa, maana zamani gari moshi lilitaka kuni. Kwa hiyo asije mtu akidhani ataona pori lisiloguswa tangu kuumbwa kwa dunia. Karura ni msitu uliofanyishwa kazi, nasi twaupenda zaidi kwa sababu hiyo.

Njia yateremka mpaka mtoni. Hapo maji ya mto Karura yanaanguka kutoka juu ya mwamba, yapata meta 15, na watoto wa shule hupiga makelele ya furaha. Karibu na maporomoko hayo yako mapango ambamo, kama wazee wanavyosimulia, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950. Juu ya matawi hupita kima, na mbega nao, wenye mikia mirefu meupe. Hao walianza kurudishwa mwaka wa 2014 kutoka upande wa Kipipiri.

Msitu huu uliandikwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka wa 1932. Lakini maandishi ya mwanadamu hufutwa na mwanadamu. Kwa sheria ya misitu iliyokuwapo wakati ule, waziri aliweza kutangaza katika gazeti la serikali kwamba kipande fulani si msitu tena. Siku 28 zikipita, basi. Na mji ulikuwa ukikua. Mwenye kutafuta faida akitazama miti karibu na Muthaiga, mahali ambapo kiwanja kimoja chauzwa kwa mali nyingi, haoni mihuhu wala mbega. Anaona viwanja vilivyo vitupu.

Mwaka wa 1998 watu wa Nairobi walipata habari kwamba miti inakatwa na mitambo imeingia. Ikajulikana kwamba zaidi ya nusu ya msitu ilikuwa imekwisha kugawiwa makampuni ya watu binafsi, yapata 60 na zaidi, ili zijengwe nyumba za fahari. Makampuni yalikuwa na majina. Wenye makampuni hawakuonekana.

Aliyesimama mbele ya wapingaji alikuwa mama mmoja, Profesa Wangari Maathai. Tangu mwaka wa 1977 alikuwa akiwaongoza wanawake wa vijijini kupanda miti, katika chama kiitwacho Ukanda wa Kijani. Tena mwaka wa 1989 alikwisha kuzuia jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe katika bustani ya Uhuru, na kwa ajili hiyo alitukanwa sana na wakubwa. Tarehe 7 Oktoba 1998 umati wa watu uliingia Karura, na mitambo ya wajenzi ikachomwa moto. Hatuusifu moto ule. Lakini ni lazima tuseme kwamba barua zilikuwa zimetangulia, na wakubwa hawakuzisikiliza.

Tarehe 8 Januari 1999 mama huyo alirudi pamoja na wabunge, waandishi wa habari na rafiki zake, mkononi wakiwa na miche ya kupanda. Mlangoni walikuta kundi la wanaume wenye marungu, mijeledi na mapanga, waliowekwa pale kuwazuia. Wakapigwa. Wangari Maathai akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi kushtaki, na alipotakiwa kutia sahihi, akatia kwa damu yake mwenyewe. Habari zikaenea duniani, na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akalaani tendo lile. Nayo makao ya Umoja huo yanayoshughulika na mazingira yako Gigiri, ukingoni mwa msitu uleule! Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu nao waliandamana, wakapambana na polisi. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kwamba ugawaji wote wa ardhi ya umma umesimamishwa. Nyumba zile hazikujengwa.

Lakini ebu tuulize swali ambalo wengi hulikwepa. Je, watu wa Nairobi hawahitaji nyumba? Wanahitaji, tena mno. Atokaye Karura kwa upande wa mashariki anakutana na kijiji cha Huruma, vibanda vya mabati vimebanana, mama anapika hatua mbili toka mtaro wa maji machafu. Mtu akituambia kwamba mti ni bora kuliko paa la watoto hawa, hatutakubaliana naye. Tena tunajua kwamba mahali pengine upinzani wa namna hii hauna usafi mwingi. Huko Uingereza mji wa London umezungukwa na mashamba yaliyolindwa kwa sheria tangu mwaka wa 1938, watu wasijenge ovyo. Na mara nyingi wapiga kelele wa kwanza dhidi ya nyumba mpya ni wale ambao wenyewe wana nyumba nzuri, nao hawapendi jirani awazibie macho. Hata Karura tajiri wa Muthaiga hupata hewa safi na kimya bila kutoka jasho.

Basi swali ni hili: nyumba za nani? Nyumba zilizokusudiwa Karura hazikuwa za mama wa Huruma. Mama huyo angepoteza kuni zake na mto wake, akapewa ukuta mrefu wa kutazama. Hapo ndipo neno la wapingaji lilipokuwa na nguvu, nasi tunashikamana nalo.

Baada ya ushindi msitu haukupata heri mara moja. Kwa miaka kadhaa watu waliogopa kuingia, maana wanyang'anyi walikaa humo. Mwaka wa 2009 majirani waliunda chama cha marafiki wa Karura, wakashirikiana na idara ya misitu. Uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi, hata wale waliojua vijia vya wezi kuliko polisi. Akina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu. Mikaratusi inakatwa kidogo kidogo na miche ya asili inapandwa mahali pake. Tuliona shina moja nene lililokatwa, na kando yake mzeituni mchanga usiofika kiunoni. Sheria nayo imebadilika: tangu mwaka wa 2005 mpaka wa msitu hauwezi kuondolewa na waziri peke yake, ila shauri lipite Bungeni.

Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Mwaka uliofuata wakuu wa nchi za Afrika ya kati walimchagua kuwa balozi wa misitu ya bonde la Kongo, kazi aliyoifanya mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 2011. Ndiyo maana habari za Karura ni habari zetu pia. Wenzetu wa Bukavu wameona vilima vyao vikivuliwa miti, nyumba zikipanda mpaka kwenye miteremko mikali, kisha mvua ikaja na udongo ukashuka pamoja na kuta na vitanda. Waliojenga pale hawakuwa makampuni yasiyo na mwenyewe. Walikuwa maskini waliokosa mahali pengine. Shauri lao ni gumu kuliko la Karura, wala halitamalizwa kwa miche na uzio tu.

Karura yenyewe haijalala usingizi. Mwaka wa 2024 lilitoka ombi kwamba ekari zaidi ya 51 zitolewe upande wa Kiambu, barabara ipate kupanuliwa, na wapingaji wakainuka tena. Barabara si jumba la tajiri. Yuko mfanyakazi wa Kiambu anayekaa ndani ya basi saa nzima kila asubuhi, naye ana haki ya kusikilizwa. Lakini safari hii ombi lilitangazwa hadharani, na kila mtu aliweza kuandika la kwake kabla ya shoka. Mwaka wa 1998 habari zilikuja wakati miti imekwisha kuanguka.