Pingu ya Gurudumu

Aliyeiunda pingu ya chuma ifungayo gurudumu la gari alikuwa mpiga fidla. Frank Marugg alipiga katika okestra ya simfoni ya Denver, Marekani, na mikono yake, ajabu, ilikuwa hodari vilevile kwa kazi ya kuchonga vielelezo vya kalibu. Polisi wa mji, miongoni mwao rafiki zake, walimweleza shida yao: magari ya watu wasiolipa faini yakikokotwa hadi uwanjani mwa polisi huibiwa vitu, na wenyewe huja kuudai mji fidia. Ndipo akabuni pingu. Ilianza kazi tarehe 5 Januari 1955, na katika mwezi wa kwanza ikakusanya zaidi ya dola 18,000.

Huko Denver, basi, aliyefungwa alikuwa mdaiwa. Gari likae papo hapo hadi deni lilipwe. Mantiki yake haina kasoro.

Jijini Nairobi pingu hiyohiyo hufunga pia gari lililoegeshwa pasiporuhusiwa. Hapo ndipo akili husita. Gari limeziba njia, na adhabu yake ni kuzuiwa lisiondoke! Mwenyewe huhangaika kutafuta pa kulipia faini. Wa kuhurumiwa zaidi ni msukuma mkokoteni, ambaye kwa ajili ya watu kama yeye ndipo marufuku ile ikawekwa: angali amesimama nyuma ya gari na magunia yake ya viazi, jua likimpiga utosini, akingoja faini ya mtu mwingine ilipwe ndipo apite.