Mali kwa Daftari

Feri ya Likoni nimeivuka tangu nikibebwa mgongoni, lakini asubuhi ile ya Machi ndiyo mara yangu ya kwanza kuivuka nikienda mahakamani. Kikapuni nilikuwa na feni moja ya kuchaji ndani ya boksi lake, na chini yake daftari la duka nimelifunga kwa leso. Lango lilipofunguliwa, umati ukateremka kwa kasi ileile ya kila siku, nami nikateremka nao, nimekikumbatia kikapu kifuani kama mtoto mgonjwa apelekwaye hospitali.

Kisa chenyewe kilianza Januari. Joto la kaskazi lilikuwa limekaza na umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Nikaenda kisiwani kwa mwenye holseli mmoja, nikanunua feni 24 kwa shilingi 3,200 kila moja. Zikatoka upesi. Kufikia mwisho wa Februari, 17 zilikuwa zimerudi, zote kwa ugonjwa mmoja: ukiichomoa kwenye umeme, betri inakufa kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Mteja wa Likoni hahitaji wakili. Anaitua feni yake juu ya meza, anakaa kwenye benchi la dukani na kumweleza kila apitaye, mpaka umrudishie pesa zake. Niliwarudishia wote. Ni majirani zangu, na kesho nawahitaji waje kununua sukari. Niliporudi mimi holseli, yule bwana alichukua kalamu akanionyesha mstari wa chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Baba, mwenye duka hasa, alisema twende kwa Kadhi. Ustadhi jirani yetu akacheka kidogo. "Mzee wangu, Kadhi wa Kenya anaamua ndoa, talaka, mirathi na mambo kama hayo. Feni si zake." Kisha akaongeza kwamba katika fiqhi mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika ana hiari ya kukirudisha. Baba akauliza, "Haya, na hiyo hiari tutaidai wapi?"

Ndilo swali nililopanda nalo ngazi za ofisi ya wakili, Barabara ya Nkrumah. Mzee yule alinisikiliza, akaiwasha feni, akaisubiri ife, ikafa. Akauliza nadai ngapi. Nikamwambia bei niliyonunulia zile 17, yaani shilingi 54,400.

"Binti yangu," akasema, "nikiishika kesi hii, nusu ya feni zitakuwa zangu."

Lakini hakunifukuza. Alinieleza kwamba sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa ni mtoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na inatumika huku tangu 1931. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara akikuuzia bidhaa za aina anayoiuza kila siku, huchukuliwa kwamba amekuahidi zinafaa kuuzika, hata kama hakutamka neno. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara. Nikamwonyesha ule mstari wa risiti. "Ulikabidhiwa karatasi hii kabla ya kutoa pesa au baada?" Baada, nikasema. "Basi biashara ilikuwa imeshafungwa. Hawezi kukuongezea sharti mlangoni." Akaniandikia maneno manne kwenye kikaratasi: Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo ilitungiwa sheria mwaka 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Nairobi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, ukasema kwa Kiswahili. Hayo niliyasikia kwa karani wa masjala, kijana aliyezoea kuona watu wakitetemeka mbele ya dirisha lake.

Aliichukua risiti, akaigeuza mbele na nyuma. "Dada, hii imeandikwa 'bidhaa, 76,800'. Bidhaa gani? Mchele?"

Nilihisi miguu ikilegea. Sikuwa nimewahi kuisoma. Nilimpa simu aone ujumbe wa M-Pesa. Ulithibitisha pesa zilikwenda, haukusema zilinunua nini. Ndipo nikaifungua leso. Daftari letu Baba alilianza kwa ajili ya wakopaji, ingawa ukutani juu yake ametundika kibao kisemacho mali kwa daftari hupotea bila habari. Mimi huandika humo kila kitu. Tarehe ileile ya M-Pesa palikuwa na mstari: feni 24, jina la aina yake, bei, jina la duka. Kurasa za mbele, feni moja moja ikirudi: nani, lini, ina nini.

Karani akasoma kimya. "Hili lipigwe kopi lote," akasema. Halafu, bila kuinua macho: "Na wewe wateja wako uliwapa risiti?"

Sikuwapa. Na kitabu cha risiti tulicho nacho dukani, kilichonunuliwa kikiwa kimeshachapwa, kina mstari uleule chini.

Siku ya kesi kusikilizwa sikupata hata nafasi ya kumwambia mwamuzi maneno niliyoyakariri usiku kucha. Mwenye holseli alinikuta kwenye korido, akanisalimu vizuri, akaniomba nimwonyeshe hizo kopi. Alizisoma akiwa amesimama. Tukavutana kidogo, yeye akianzia elfu thelathini, mpaka tukakubaliana elfu hamsini kwa awamu mbili, naye achukue feni zake. Mwamuzi alituuliza kila mmoja kama amekubali kwa hiari yake, kisha akayaandika makubaliano yetu yakawa amri ya mahakama. Hayakuchukua dakika kumi.

Jioni kwenye feri nilisimama ukingoni, kikapu kitupu. Baba nilimkuta amekaa chini ya kibao chake. Alihesabu kwanza hasara, kwa desturi yake: elfu nne na mia nne, faida niliyowarudishia wateja, nauli, siku mbili za duka kufungwa. Kisha akaivuta kalamu, akakifungua kitabu cha risiti na kuanza kuukata ule mstari wa chini, ukurasa baada ya ukurasa.

Juma lililofuata nilikwenda kununua taa kwa holseli nyingine. Kijana wa kaunta akaandika "bidhaa" na jumla. Nikazishika pesa mkononi.

"Andika taa 30," nikamwambia, "na aina yake."

Akaguna, lakini akaandika.