Siku Mbili Hotelini na Mama Mwalimu

Najua nimewatupa, wiki tatu bila neno. Tesiti zilinikaba, halafu kundi letu la saikolojia ya elimu lina watu saba ila wanaoandika kazi ni wawili, nadhani mnanielewa. Leo nimerudi na hadithi, na ndani yake kuna kosa langu ambalo baadhi yenu linawahusu moja kwa moja. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Iko hivi. Wikiendi iliyopita nililala siku mbili kwenye hoteli ya kifahari Jambiani, Zanzibar. Jina naliweka kapuni. Ni hoteli ndogo, vyumba tisa tu, paa za makuti, bwawa la kuogelea lisilozidi ukubwa wa chumba chetu cha semina, na Bahari ya Hindi hatua thelathini kutoka kitandani. Bei ya usiku mmoja msimu wa wageni nilipoigeuza kuwa shilingi ikazidi nusu ya bumu langu la siku 60. Na bumu lenyewe ni shilingi 10,000 kwa siku, mnajua wenyewe linavyokata roho siku ya arobaini.

Msiulize nimepata wapi mfadhili. Sina mfadhili. Mama yangu anafanya kazi pale.

Mwezi wa tano kule ni masika. Wageni wanapungua, na hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinafunga kabisa kupisha mvua na matengenezo. Ya kina mama haikufunga, ila ilikuwa na chumba kimoja tu chenye wageni. Basi meneja akawaambia wafanyakazi waliotimiza miaka kumi: chagua wikiendi moja, mlete ndugu yako mmoja, mlale hapa kama wageni, mle, msifanye kazi. Mama ana miaka kumi na moja pale. Akanichagua mimi.

Sasa hapo ndipo penye tatizo. Mwaka wa kwanza, wenzangu wa chumba pale Mabibo waliponiuliza mama anafanya kazi gani, nilijibu, "Yuko Zanzibar, kwenye mambo ya hoteli." Mmoja akadakia, "Meneja?" Nikacheka. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nilicheka tu. Kufika Jumapili mama alikuwa ameshapandishwa cheo bloku nzima. Nami badala ya kusahihisha nikaanza kuongezea chumvi: mara mama yuko kikaoni, mara mama kasafiri kikazi.

Ukweli ni kwamba mama ni mhudumu wa vyumba. Anatandika vitanda, anasugua vyoo, anabadilisha mataulo. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha tangu nikiwa darasa la tano, aliponiacha kwa bibi Muheza akavuka maji. Mwaka 2020 korona ilipokuja, shule zikafungwa, hoteli nayo ikafungwa, mama akarudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa kidato cha nne. Tulikaanga vitumbua pamoja tukauza barabarani. Tangu aondoke hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo, lakini jamani, usiku nilikuwa naomba dua hoteli ifunguliwe ili pesa ya tuisheni ipatikane. Hebu fikiria, mtoto anaomba mama yake aondoke.

Haya, turudi kwenye safari. Ijumaa nikapanda boti ya asubuhi pale Dar, kama saa mbili majini, bahari imechafuka kidogo na mama mmoja pembeni yangu anasoma dua kwa sauti. Mjini Unguja nikachukua daladala namba 309 ya Jambiani. Inapita msitu wa Jozani, ambako matuta ya barabarani yamewekwa ili magari yasigonge kima punju, wale kima wekundu ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Nilimwona mmoja amekaa juu ya mti ananitazama kama msimamizi wa mtihani.

Mama alinisubiri barabarani kwa gauni la sikukuu na mkoba mpya. Nikamwamkia, akaitikia, akanikagua toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Umekonda. Hawakulishi huko?" Tukaingia kwa mlango wa mbele. Aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo yeye huingilia mlango wa nyuma, karibu na tangi la maji.

Kijana wa mapokezi alitupokea na vitaulo vya baridi vyenye harufu ya mchaichai na madafu mawili. "Karibu sana Mama Mwalimu," akasema. Nikageuka nyuma kumtazama huyo mama mwalimu ni nani. Mlinzi naye: "Mama Mwalimu leo umependeza!" Mpishi akatoka jikoni na mikono ya unga: "Ndiye huyu mwalimu mwenyewe?"

Jamani, hoteli nzima wananijua. Wanajua nasomea Kiswahili na Historia. Wanajua TP nilifanyia wapi. Wanajua hata ile sapu yangu ya mwaka wa kwanza, maana mama aliwaomba waniombee. Kumbe jina lake la kazini ni hilo, Mama Mwalimu, na alianza kuitwa hivyo siku niliyopata chuo. Yaani mimi huku namficha mama, na yeye kule ananitangaza mimi, hata digrii bado sijaishika mkononi. Lile dafu sikuweza kulimaliza.

Chumba chenyewe niwaambie nini. Kitanda cha semadari chenye nakshi, chandarua cheupe kama cha bibi harusi, kibaraza kinachotazama bahari, bafu ambalo maji yanaanguka toka juu kama masika yenyewe. Mama anapanga chumba kimoja kijijini na mwenzake, maji wanateka kisimani. Sasa kuingia tu, badala ya kukaa, akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama. "Hapa wamepita juu juu," akanong'ona.

Bafuni kulikuwa na sabuni ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na wanaokilima ni wanawake kwa sehemu kubwa. Kinachotolewa ndani yake kinatumika viwandani kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Mama akainusa ile sabuni, akaniambia sabuni zikibaki vipande huwa anaviokota na kuvipeleka nyumbani. Hajawahi kufungua nzima. Akaifungua.

Wakati wa chakula cha usiku ndiyo ilikuwa vichekesho. Tumeletewa pweza wa nazi, mishumaa mezani, kanga zimekunjwa vizuri. Mama akamaliza, akainuka, akabeba sahani yake na yangu akaanza kuelekea jikoni. Mhudumu akamkimbilia, "Mama Mwalimu, rudi ukae!" Alikaa, lakini mikono yake ikawa haijui iende wapi. Akaanza kufuta meza kwa kiganja.

Alfajiri saa kumi na moja na nusu nikaamka nikamkuta amesimama pembeni ya kitanda. Alikuwa ametandika upande wake, mimi nikiwa bado nimelala upande wangu! Shuka imenyooka mpaka pale mgongo wangu ulipoanzia.

Tukatoka nje. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mawimbi yanavunjika kule kwenye mwamba na huku karibu ni mchanga na madimbwi tu. Wanawake walikuwa wanatembea kuelekea mashamba yao ya mwani, kanga zimefungwa kiunoni. Mama alikuwa anawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Bahari ndiyo inayowapangia saa za kazi, maana kupwa na kujaa kunasogea kama dakika hamsini kila siku. Mgeni anaamka anapotaka.

Saa tatu akaja dada wa zamu kusafisha chumba. Mama akamwambia, "Usihangaike, nimeshatandika." Yule dada akashika kiuno. "Mama Mwalimu, wewe leo ni mgeni. Mgeni hatandiki. Kaa pale nje na mwanao." Akafunga mlango kabisa!

Basi mama akakaa kwenye kiti cha kibarazani. Akakaa kwenye ncha, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Baada ya muda akaegemea. Maji yalikuwa yameanza kurudi, kijani karibu na bluu mbali, wingu la mvua limekaa pembeni.

"Kumbe ukikaa hapa," akasema, "bahari inaonekana yote."

Kibaraza hicho amekifagia miaka kumi na moja. Nilitaka kusema kitu, simu yangu ikaita.

Rafiki yangu, unajijua, wala sikulaumu. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nikabonyeza sauti ya nje. Ukasema kwa furaha yako yote: "Msalimie mama meneja! Muulize ile nafasi ya binamu yangu imefikia wapi!"

Nikakata. Sikujibu hata neno, samahani sana.

Mama aliendelea kutazama bahari. "Mama meneja ni nani?"

"Wewe, mama."

"Nani aliyewaambia?"

"Mimi. Yaani sikuwaambia, ila sikuwakatalia."

"Kwa nini?"

"Niliona watanidharau."

"Wangekudharau wewe, au mimi?"

Swali hilo nimekuja nalo chuoni na bado sijalijibu. Nilianza kulia, na nilikuwa naona aibu hata kulia, maana wa kulia hapo hakuwa mimi. Mama hakunibembeleza, wala hakufoka. Alikaa kimya muda mrefu mpaka dada wa zamu akamaliza akaondoka. Ndipo akasema, "Tangu nianze hapa nimeona mameneja watano. Wanakuja, wanaondoka. Siwasemi vibaya, huyu wa sasa ni mtu mzuri. Ila vyumba tisa vipo, na mimi nipo." Akainuka. "Njoo ndani."

Akakivua kitanda chote, kile kile kilichotoka kutandikwa. Akatandika mwenyewe taratibu, mimi natazama. Kona ya shuka anaikunja, anaishusha, anaichomeka chini ya godoro, inatoka kali kama bahasha. Akaivua tena. Tukatandika pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Akaivua tena. Akaniachia peke yangu. Ya kwanza ikatoka hovyo. Hakuniambia nimekosea. Aliuliza tu, "Pitisha mkono. Wapi pamelegea?" Nikapitisha mkono, nikapaona mwenyewe. Ya nne ikakaa sawa.

Jamani, mhadhiri aliyekuja kunikagua kwenye TP aliniandikia kwamba naongea sana na wanafunzi hawafanyi kitu. Nilikasirika wiki nzima. Yale ya Vygotsky, kumshika mwanafunzi mkono kwanza halafu kumwachia kidogo kidogo, nimeyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Lakini kuyaona yanafanyika, nimeyaona kwenye chumba kile, yakifanywa na mama aliyeishia darasa la saba. Baadaye yule dada aliniambia kila msichana mpya anapelekwa kwa mama kwanza. Hata yeye alifundishwa pale pale, kwa ile ile "wapi pamelegea?"

Jumapili asubuhi tukiwa tunaondoka, mama akatoa noti ya elfu tano kwenye mkoba wake, akaiweka chini ya glasi mezani. Nikamwambia, "Mama, huyu ni mwenzako." Akasema, "Ndiyo maana. Ukikuta hela chumbani baada ya kusugua choo cha mtu, unajua huyo mtu alikuona." Halafu akavua gauni la sikukuu, akavaa sare, maana zamu yake ilianza saa nne. Tukaagana kwenye mlango wa nyuma, karibu na tangi la maji.

Mwaka 2024 watalii zaidi ya laki saba waliingia Zanzibar. Kila mmoja wao alilala kwenye shuka iliyonyooshwa na mtu, na wengi waliondoka bila kujua jina lake. Siwezi kuwasema sana. Mimi nilimjua, nikambadilishia kazi.

Kwa hiyo nasahihisha hapa hadharani, wote mliowahi kusikia vingine: mama yangu si meneja. Ni mhudumu wa vyumba, na ni mwalimu kabla yangu. Mwenye kucheka acheke, nimeshajiandaa.

Na wewe rafiki yangu wa ile simu, nilimuuliza mama habari ya binamu yako. Kasema yeye haajiri mtu, barua ipelekwe kwa meneja mwenyewe. Ila akipata kazi pale, kutandika atamfundisha.

Acha nikimbie, kuna semina saa nane na sijasoma hata ukurasa. Ah, kabla sijasahau, wenzangu wa chumba wamenishangaa: tangu Jumapili kitanda changu kina kona. Njooni niwafundishe, siongei sana siku hizi.