Nairobi kwa Nauli ya Mfanyakazi

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Hata hivyo, mtembezi asiye na fedha nyingi hujiuliza: katika mji wa ugenini nitazungukaje bila kumalizwa na teksi? Swali hilo lina uzito kwa mfanyakazi wa mjini, na lina uzito zaidi kwa mkulima wa pamba wa Kasoli, wilayani Bariadi, ambaye fedha zake huja kwa msimu. Jibu ni moja: apande gari wanalopanda wenyeji, na aulize kabla ya kupanda.

Tuutwae mfano wa Nairobi. Mtu wa Kasoli akishafika Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, hushika barabara kuu ya kwenda Tarime na mpaka wa Sirari. Hapo hugongewa muhuri katika hati yake ya kusafiria, kisha basi humpitisha Migori, Kisii na Narok. Njia hii haikuwa wazi daima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa tena mwaka 1983.

Kasoli mtu huuliza gari linakwenda wapi; Nairobi watu hutaja namba. Namba 125 na 126 ni za Rongai, 111 ni ya Ngong, 24 ni ya Karen. Magari yenyewe huitwa matatu, kwa kuwa hapo zamani nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi. Daladala yetu nayo ilipata jina lake kutokana na dala, yaani shilingi tano. Majirani wawili wameyabatiza magari yao kwa bei ya kiti, dalili kwamba mwananchi wa pande zote mbili huitazama nauli kwanza.

Nauli hiyo haina budi kuulizwa mlangoni. Asubuhi, jioni na wakati wa mvua hupanda, mchana hushuka. Mgeni asisahau pia kwamba shilingi 100 ya Kenya si shilingi 100 ya Tanzania, bali ni fedha nyingi zaidi. Utingo, ambaye huko huitwa makanga au konda, akitaja "mbao" anadai shilingi 20, na akitaja "soo" anadai 100. Kituo huitwa steji. Kiswahili ni chetu sote, lakini kila nyumba ina maneno yake ya jikoni. Asiyeelewa na aulize tena pasipo haya. Abiria wa jirani mara nyingi hujibu kabla ya konda. Na kwa kuwa vituo vya katikati ya mji huhamishwa mara kwa mara, alichokielekeza ndugu aliyetembea mwaka juzi kisitegemewe peke yake.

Gari la Rongai hufuata barabara ya Langata na kupita lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, ilhali Serengeti, inayopakana na mkoa wa Simiyu, ina 14,763. Kwa hiyo mtu wa Kasoli haendi huko kwa uhaba wa simba nyumbani; huenda kuona maajabu ya twiga na majengo marefu kwa mtazamo mmoja. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea kwa miguu, lakini penye lango kuna kituo cha wanyama yatima ambacho familia huweza kukizunguka kwa miguu. Kiingilio hutegemea uraia, na fedha taslimu hazipokewi. Namna ya kulipa iulizwe kabla ya kufunga safari.

Akirudi mjini, apitie Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, mwendo mfupi kwa miguu. Humo imo injini kubwa ya mvuke namba 5918. Ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Jina lake ni Mount Gelai, na Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Ilivuta mizigo ya reli iliyokuwa mali ya nchi tatu, kabla ya mali hiyo kugawanywa.

Mwenye teksi angefika hapo upesi zaidi, lakini asingesikia mazungumzo ya mafundi, wachuuzi na wanafunzi wanaoliendesha jiji lile. Mzazi anayesafiri na watoto wa shule na awapandishe matatu mchana, magari yasipojaa sana, awaache waulize njia wenyewe kwa Kiswahili chao, kisha awarudishe walikofikia kabla ya giza kuingia.