Maswali kwa mama wa askari

Leo naomba tuache siasa. Wabunge hawaendi popote, tutarudi kwao. Nataka tuzungumze juu ya kifo ambacho kwetu hutangazwa kwa sauti ya chini, cha mtu aliyejiua. Na hasa cha askari, na hasa juu ya wale anaowaacha na maswali. (Kama unasoma haya na wewe mwenyewe umelemewa, mpigie kwanza mtu unayemwamini. Makala haya yatakusubiri.)

Wengi wenu mna ndugu Marekani aliyejiunga na jeshi la huko. Mimi nilikuwa naye, mtoto wa mama mdogo anayeishi Texas. Mwaka juzi tuliambiwa amefariki "ghafla". Huku Voi neno hilo lilitosha. Hakuna aliyeuliza zaidi, na kwenye ibada mchungaji alilizunguka jambo lenyewe kama dereva anayekwepa shimo. Miezi mingi baadaye mama mdogo akapata barua ya watafiti wa chuo kikuu kimoja wakiomba kumhoji. Akanipigia, maana katika ukoo wetu mimi ndiye ninayelipwa kuuliza watu maswali.

"Wanataka kunihoji mimi? Kwani mimi ndiye niliyemuua?"

Ikabidi nikasome. Nilichokikuta ni kwamba taaluma hii yote, tangu mwanzo wake, imesimama juu ya familia kama yake. Mwaka 1949 mwanasaikolojia kijana, Edwin Shneidman, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu Los Angeles. Mkubwa wake akamtuma aandike barua za rambirambi kwa wajane wawili ambao waume zao, askari wa zamani, walikuwa wamejiua. Akaenda kutafuta habari zao katika ofisi ya serikali inayochunguza vifo, na humo kwenye mafaili akakuta mamia ya barua za mwisho za watu waliojiua, zimekaa tu, hakuna aliyewahi kuzisoma kwa mpango. Mwaka 1958 yeye na wenzake, Norman Farberow na Robert Litman, wakafungua kituo cha kuzuia kujiua mjini humo. Ofisi ile ile ya vifo ikawaomba msaada pale ilipokuwa haieleweki kama mtu alijiua au alipata ajali. Wakaanza kwenda kwa jamaa, kukaa nao, kuuliza. Njia hiyo waliipa jina la kutisha, upasuaji wa maiti wa kisaikolojia, lakini kisu hakuna. Ni mazungumzo.

Mazungumzo ya nini? Ya usingizi wake miezi ya mwisho. Alikuwa anakula? Alianza lini kukaa mbali na marafiki? Pesa, ndoa, pombe, maumivu ya mgongo aliyorudi nayo. Aliwahi kutafuta msaada, na alipoutafuta aliambiwa nini? Faili la jeshi linaweza kukwambia askari alihudhuria kliniki mara ngapi. Haliwezi kukwambia kwamba aliacha kumpigia mama yake Jumapili.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lenyewe lilikubali hilo. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipokuwa vinaendelea na idadi ya askari wanaojiua ikipanda, mwaka 2009 lilianzisha pamoja na taasisi ya taifa ya afya ya akili utafiti mkubwa unaoitwa Army STARRS. Sehemu mojawapo ilikuwa kuwahoji ndugu wa karibu wa marehemu, pamoja na wakubwa wake wa kazi. Kisha wakawahoji pia jamaa na wakubwa wa askari wengine wanaofanana naye ambao wako hai. Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wa kazi yenyewe. Mama aliyefiwa hutafuta sababu kila pembe, na kila anachokumbuka hugeuka kuwa dalili. Bila familia za kulinganisha, huwezi kujua kama kukosa usingizi kulikuwa onyo au ni hali ya kawaida ya askari wote.

Mzigo si mdogo. Kwa hesabu za idara ya askari wastaafu ya Marekani, mwaka 2022 pekee wastaafu 6,407 walijiua, yaani zaidi ya 17 kila siku.

Wako waliotoa zaidi ya maneno. Ryan Larkin, komando wa jeshi la majini aliyepigana Iraq na Afghanistan, alilalamika kwamba kichwa chake hakiko sawa, na vipimo havikuonyesha kitu. Alijiua mwaka 2017, akiwa ametaka mwili wake utumike kwa utafiti. Familia ikakubali. Maabara ya kijeshi ya Dkt. Daniel Perl ikakuta kwenye ubongo wake madhara madogo mno ya mawimbi ya milipuko, ambayo mashine za picha za hospitali hazina uwezo wa kuyaona. Baba yake, Frank, naye komando wa zamani, amelifikisha jambo hilo mpaka Bunge la Marekani. Nilimsimulia mama mdogo habari hii, akanyamaza muda mrefu kwenye simu.

Yuko pia Susan Selke, mama wa Clay Hunt, aliyejiua mwaka 2011. Alitoa ushahidi bungeni, na Februari 2015 ikatiwa sahihi sheria yenye jina la mwanawe, inayotaka mipango ya kuzuia kujiua ya wastaafu ipimwe kila mwaka na watu wa nje. Na shirika la TAPS, lililoanzishwa mwaka 1994 na Bonnie Carroll baada ya mumewe kufa katika ajali ya ndege ya jeshi, lina kitengo cha waliofiwa kwa njia hii. Kimejengwa na Kim Ruocco, mjane wa rubani wa helikopta aliyejiua mwaka 2005.

Sisi wanahabari tunamwekea mfiwa maikrofoni mdomoni siku ya pili, machozi hayajakauka, na tunaita hiyo kazi. Hawa wanasubiri miezi, wanaomba ruhusa kwa maandishi, na mtu anaweza kusimamisha mahojiano katikati. Nikiwa mkweli, nimeona wivu kidogo.

Huku nyumbani sijui ni nani angejibu maswali hayo. Mpaka Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua Januari 9, 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Familia iliyolelewa chini ya sheria kama hiyo hujifunza kusema "ghafla".

Nimemwandikia mama mdogo mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Jina la kijana litaondolewa? Jeshi litasoma majibu yangu? Naweza kukataa swali? Dada yake anaweza kukaa nami? Yeye ameongeza la tano, ambalo mimi halikunijia: wakimaliza, watanirudishia walichokipata, au nitakisikia kwenye redio?

Barua ameijibu kwa hilo moja tu. Anasubiri.